Vidole Themanini na Vinane

Lori liligoma penye duka la Mushagalusa.
Tairi zilichimba udongo mwekundu, zikanyamaza.
Dereva akazima injini: mimi ni mpaka hapa.
Mbele yetu Cimpunda imesimama wima
kama mtu aliyekataa kulipa deni.

Kwenye kibao cha bati pameandikwa
kilo elfu moja mia nane na arobaini, pamoja na mafuta.
Nilisoma mara mbili, kwa sauti,
maana mzigo usiotajwa uzito
kila mtu huubeba akilini mwake, akauona mwepesi.

Tulikuwa tisa. Nikasema, nyoosheni mikono.
Haikuwa sala. Nilikuwa nahesabu vidole:
themanini na vinane. Viwili vilivyopungua ni vyangu,
vilibaki chini ya kabari mwaka ule wa pampu ya Muhungu,
na tangu hapo sishiki kamba. Mimi ni mkono wa ishara.
Msemaji ni mmoja, na hasemi kwa mdomo.
Kiganja juu: vuta. Kiganja chini: legeza.
Ngumi: simameni,
kwa nini mtaniuliza jioni.

Mikanda niliipapasa inchi kwa inchi,
kama mama na mguu wa mtoto, akitafuta mwiba.
Mmoja ulikuwa umeliwa na asidi.
Nikaukata vipande viwili mbele ya mwenyewe,
asije akamwazima mtu kesho.
Akanuna. Anune.

Transfoma ina masikio manne ya chuma,
humo ndimo iingiamo ndoano.
Zile pembe za kauri juu, nyeupe, nzuri,
usiziguse hata kwa kujiegemeza.
Winchi tuliifunga kwenye mitaimbo mitatu ya jana.
Mzee Cishugi alitupa mparachichi wake, kwa moyo safi.
Nikamwambia: baba, huu ni wa maparachichi,
tani mbili hauzijui.

Ikapanda. Juu ya mabomba, juu ya mbao,
bomba la nyuma likikimbizwa mbele,
kabari ikifuata kila hatua kama kivuli.
Pembeni, Nabintu na daftari lake:
miezi kumi na minne ya michango,
muuza sambaza, fundi cherehani,
mjane aliyelipa kwa magunia ya makaa.
Asubuhi aliniuliza, na ikianguka?
Nilijifanya naangalia mawingu.

Kwenye kona ya bomba la maji ubao wa tatu ukalia.
Ikateleza shubiri moja. Moja tu.
Murhula, miaka ishirini, kifua cha fahali,
akairukia kwa mikono miwili
kama unavyomzuia kaka yako aliyelewa.
Ngumi yangu ilikuwa hewani. Hakuiona.

Ndipo Nabintu, aliyehesabu kila faranga,
akapiga ukelele nisioujua kooni mwake:
Iache! Murhula, iache ianguke!
Tutachanga tena!

Akaruka kando.
Mnyororo ukakaza, mtaimbo mmoja ukainama,
transfoma ikabaki imekaa upande,
mafuta yakinong'ona tumboni mwake.
Hatukusema. Daftari lilikuwa kwenye matope,
limefunguka mwezi wa tatu.

Saa kumi na mbili jioni ilikaa juu ya zege.
Umeme bado. Mafuta sharti yatulie kwanza,
na watu wa nyaya wamesema Jumanne,
Jumanne ipi hawakusema.
Chini yetu taa za mji zilikomea Nyamugo.

Nabintu akanipa kalamu nitie sahihi: mzigo umefika.
Nikamwambia, ngoja.
Nyoosheni mikono.
Murhula alikuja wa mwisho, anatazama viatu.
Vyake nilivihesabu polepole, kimoja kimoja,
hadi kumi, hata kile chenye kucha nyeusi ya zamani.
Themanini na vinane.
Haya, nikasema, sasa andika.